Gavana Akishtakiwa, Nani Atatia Saini?

Kwa miaka sita, magari ya Serikali ya Kaunti ya Samburu yalijaza mafuta katika kituo cha Oryx. Upande wa mashtaka ulidai kuwa mwenye kituo hasa alikuwa gavana mwenyewe, Moses Lenolkulal, na kwamba kaunti ilikilipa zaidi ya Sh84 milioni. Aprili 2019 alifikishwa katika mahakama ya ufisadi ya Milimani, Nairobi, akakana mashtaka na kupewa dhamana yenye sharti zito: asikanyage ofisini bila idhini ya tume ya maadili, EACC.

Alikimbilia Mahakama Kuu. Sheria ya ufisadi, kifungu cha 62, humtaka afisa wa umma aliyeshtakiwa akae kando na kulipwa nusu mshahara. Hata hivyo, kifungu kidogo cha sita kinawaachia wale ambao Katiba imeweka utaratibu wake wa kuwaondoa. Magavana wamo. Kwa maneno mengine, karani wa kaunti angekwenda nyumbani huku bosi wake akiendelea kuidhinisha malipo.

Julai 24, 2019, Jaji Mumbi Ngugi alikataa mwanya huo. Aliona kuwa unakwenda kinyume na sura ya sita ya Katiba, ile inayohusu uongozi na maadili, na akauliza kama ni kwa manufaa ya umma gavana arudi kusimamia hazina ileile anayotuhumiwa kuifuja. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Mashahidi wa kesi kama hizi mara nyingi ni wahasibu na maafisa wa ununuzi ambao ajira yao iko mikononi mwa mshtakiwa.

Siku chache baadaye ikawa zamu ya Ferdinand Waititu wa Kiambu, aliyeshtakiwa kuhusu zabuni ya barabara ya Sh588 milioni. Naye alizuiwa kuingia ofisini, na naibu wake, James Nyoro, akashika usukani. Januari 2020 Seneti ilimng'oa Waititu kabisa.

Nairobi haikuwa na bahati hiyo. Mike Sonko aliposhtakiwa Desemba 2019 na kufungiwa ofisi, jiji halikuwa na naibu gavana tangu Polycarp Igathe alipojiuzulu Januari 2018. Katiba inasema wazi nini kifanyike kiti cha gavana kikibaki wazi: naibu anarithi, na asipokuwepo, spika wa bunge la kaunti anakaimu huku uchaguzi ukiandaliwa ndani ya siku 60. Lakini kiti cha Sonko hakikuwa wazi. Alikuwa bado gavana, ila gavana asiyeruhusiwa kuifikia meza yake. Pengo hilo liliwaumiza wakazi ambao hawakushtakiwa kwa lolote.

Februari 2020, Ikulu, Sonko alisaini mkataba wa kuikabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma, na mipango ya jiji. Shirika jipya, NMS, likawekwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Wapiga kura wa Nairobi hawakuwa wamemchagua mwanajeshi awasimamie zahanati na mabomba ya maji. Sonko naye aliugeuka mkataba huo na kuanza kuupinga. Wawakilishi wa wadi walimtimua Desemba 2020, Seneti ikaafiki, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikaidhinisha kung'olewa kwake.

Hata pale naibu alipokuwepo, kesi zenyewe zilijikokota. Muhula wa gavana ni miaka mitano. Lenolkulal alipatikana na hatia Agosti 2024, miaka miwili baada ya Samburu kupata gavana mwingine. Waititu alihukumiwa Februari 2025 kifungo cha miaka 12 au faini ya Sh53.5 milioni. Wakati huo, Kiambu ilikuwa imeshatoka kwa Nyoro na kuingia kwa Kimani Wamatangi, ambaye naye alikuwa katika mwaka wake wa tatu madarakani.