MWIBA WA KAMBALE UNA SUMU: UKICHOMWA, UFANYE NINI?



Wengi wetu tumezaliwa kando ya maji: Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge, Nyanza-Lac. Samaki tunawajua. Hata hivyo, tunapopita nyumba kwa nyumba bado tunakuta watu wanaoficha mkono uliovimba kwa sababu ya mwiba wa samaki. Baadhi yao wanaona ni jambo dogo. Wengine wanaogopa, maana samaki huyo walimvua mtoni bila kibali cha kutoka kambini. Lakini mkono huo ndio unaolima, unaofua na unaolisha watoto. Kwa hiyo tafadhali soma maelezo haya mpaka mwisho.

Ni samaki gani?

Ni samaki wa jamii ya kambale: wale wasio na magamba, wenye sharubu mdomoni. Wako Ziwa Tanganyika, wako mto Malagarasi, wako hata katika madimbwi. Kambale wa kawaida ana miiba miwili migumu, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Gogogo, yule mdogo anayetoa sauti kama anakoroma akitolewa majini, ana mitatu: miwili ya ubavuni na mmoja mgongoni. Akishtuka huisimamisha na kuifunga kabisa, hata ukiisukuma hailali. Mwaka 2009 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikadiria kwamba aina zisizopungua 1,250 za samaki wa jamii hii huenda zina sumu.

Sumu hiyo inakaa wapi?

Haimo katika nyama. Imo katika ngozi nyembamba inayofunika mwiba. Mwiba unapoingia mwilini, ngozi hiyo inachanika na sumu inamwagika ndani ya kidonda. Miiba mingi ina meno kama ya msumeno, hivyo inapotoka hukwaruza tena. Samaki aliyekufa naye anachoma. Ndiyo maana mama anayesafisha samaki jikoni anaweza kuumia sawa na mvuvi. Nyama ikiiva haina neno, kuleni bila wasiwasi.

Dalili zake

Maumivu yanaanza papo hapo, makali kama moto, na yanaweza kupanda hadi kwapani. Sehemu iliyochomwa inavimba, inakuwa nyekundu, wakati mwingine inakufa ganzi. Wengine hutoka jasho au kutapika. Kwa kawaida maumivu yanapungua baada ya saa kadhaa. Hatari kubwa mara nyingi inakuja baadaye: vijidudu vya maji machafu vinaingia kidondani, na mkono unaanza kuoza.

Huduma ya kwanza

1. Toa pete, bangili au saa mara moja, kabla uvimbe haujazidi.

2. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Ukiona kipande cha mwiba juu juu, kitoe. Kama kimezama sana, au kimeingia shingoni, kifuani au tumboni, usikiguse. Mpeleke mgonjwa kwa mganga haraka.

3. Tumbukiza mkono au mguu katika maji ya moto, kwa muda wa dakika 30 hadi 90, mpaka maumivu yapungue. Joto huiharibu sumu ya samaki. Wavuvi wa pwani hutibiwa vivyo hivyo wakichomwa na taa. Maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilika, karibu digrii 45, yasiwe ya kuchemka! Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake mzima, kwa sababu aliyechomwa anaweza kuwa na ganzi na kuungua bila kujua. Maji yakipoa, toa mkono kwanza, ndipo uongeze ya moto.

4. Kisha nenda zahanati, hata kama maumivu yamekwisha. Uliza juu ya chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi huipata wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawakumbuki walichanjwa lini.

Ukiwa mtoni bila moto, usikae kusubiri. Osha kidonda, uje.

Mambo ya kuacha

Usichanje kidonda kwa wembe. Usinyonye damu. Usifunge mkono kwa kamba. Jiwe jeusi halitoi sumu hii. Mafuta ya taa na maji ya betri yanaunguza nyama. Kinyesi cha ng'ombe kinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua.

Rudi zahanati haraka ukiona haya

Kupumua kwa shida, uso kuvimba, kizunguzungu au kuzimia: hapo usingoje hata dakika moja, wala usianze kuchemsha maji. Katika siku zinazofuata, rudi ukiona usaha, homa, wekundu unaopanda mkono, au kidole kisichokunjika. Watoto, wazee na wenye kisukari wasichelewe kamwe.

Ndugu yangu uliyevua bila kibali, kwa mganga sema ukweli. Anachohitaji kujua ni samaki gani, saa ngapi, na umekwisha kupaka nini. Ukimwambia umechomwa na msumari, anaweza kuacha kutafuta kipande cha mwiba kilichobaki ndani.

Kinga

Kabla ya kumtia samaki kapuni au sufuriani, vunja miiba yake kwa koleo, au ikate kwa panga huku umemkanyagia kijiti. Usimshike kwa mkono mtupu akiwa bado anarukaruka. Vaa viatu unapoingia kwenye maji ya kina kifupi. Miiba usiitupe uani ambako watoto wanacheza pekupeku. Ichome au ifukie.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiifungie chumvi kwanza. Msomee jirani asiyejua kusoma, hasa yule ambaye jioni utamwona akirudi na samaki.