Mteja Hapatikani: Vile Mafundi Husaka 'Nguruwe' Aliyekwama Ndani ya Bomba la Mafuta

Unajua ile hisia ya kupigia mtu wako simu usiku, unajua ako kwa barabara, halafu yule dada wa mtandao anakuambia mteja hapatikani? Moyo unaruka. Hujui kama ni chaji imeisha, ama simu imeibiwa, ama kuna ngori kubwa zaidi.

Sasa peleka hiyo hisia kwa fundi amesimama porini saa nane usiku, spika masikioni, antena mkononi. Anayemsaka si binadamu. Ni mashine ndefu, nzito na ghali, na inatembea chini ya miguu yake ndani ya bomba la chuma lililojaa mafuta. Ilikuwa ipite hapo nusu saa iliyopita. Kimya.

Leo tunakupea rada ya kakifaa kadogo kanakofanya huyo fundi alale: transmita ya kufuatilia mashine ndani ya bomba. Na utashangaa, kinachoiangusha mara nyingi ni vitu unaweza kununua dukani kwa doo kidogo.

Nguruwe gani huyo?

Wasee wa mabomba wanaita hiyo mashine pigi. Ndiyo, nguruwe. Stori inayopigwa sana ni kwamba zile za zamani zilikuwa zinasugua bomba zikipiga kelele kama nguruwe ameshikwa miguu.

Pigi haina injini. Iko na mipira ya duara inayobana ukuta wa bomba pande zote. Mafuta yakisukumwa na pampu, yanaisukuma kwa nyuma, kama tu vile dole gumba la daktari linasukuma mpira ndani ya sindano. Kama wewe ni mtu wa muvi, kwa ile ya James Bond ya 1987, The Living Daylights, kuna jenerali wa Urusi anatoroshwa ndani ya bomba la gesi akiwa amelazwa kwa pigi. Usijaribu. Kwa maisha ya kawaida, pigi hubeba vitu viwili: burashi za kusafisha uchafu, ama vifaa vya kupima afya ya bomba.

Hizo za kupima ndizo zenye akili. Aina moja hubeba sumaku kali sana. Inajaza ukuta wa chuma na nguvu ya sumaku, na penye kutu imekula chuma, nguvu inavuja kidogo na vihisio vinainasa. Aina nyingine hutuma mlio ambao sikio haliwezi kusikia, halafu inapima ukuta umebaki na unene gani. Pigi ikimaliza safari, mafundi wanapata ramani ya kila mahali bomba limechoka.

Kwa nini ujali, na wewe hata gari hauna?

Kwa sababu hilo bomba linapita karibu na watu. Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978, upana wa inchi 14, urefu wa kilomita 450 hivi. Jipya la inchi 20 lilianza 2018. Mafuta ya mathree, ya bodaboda na ya ndege yanapita humo chini mchana na usiku.

Na tunajua mafuta yakitoka nje kunaendaje. Jumatatu asubuhi, 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja yakaingia kwenye mtaro hadi mtaa wa Sinai, hapa Nairobi. Watu wakakimbia na mitungi kuchota. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Miaka minne baadaye, 2015, mafuta ya bomba la Mombasa yalivuja kule Thange, Makueni, yakaharibu maji na mashamba ya watu.

Tuseme ukweli: pigi haiwezi kuzuia kila kitu. Kuna valvu, kuna gasketi, kuna makosa ya binadamu. Lakini kutu inayokula ukuta polepole chini ya ardhi, penye hakuna jicho linafika, dawa yake kubwa ni kutuma pigi ikaangalie. Na pigi ikikwama na hakuna anayejua iko wapi, bomba linasimama, na kile ilikuwa imeenda kuangalia kinabaki hakijaangaliwa.

Si waiwekee tu tracker ya gari?

Swali poa. Jibu ni hapana, na sababu ni chuma. Simu, redio na setilaiti hutumia mawimbi yanayobadilika haraka sana. Stesheni ya FM, kwa mfano, hubadilika karibu mara milioni 100 kwa sekunde. Wimbi kama hilo likigonga chuma, chuma chenyewe kinatengeneza mikondo midogo ya stima inayolipinga. Linafia hapo hapo. Umewahi kuingia lifti ukaona netwaki imepotea? Sasa fikiria lifti ambayo imezikwa.

Lakini wimbi likibadilika polepole, upinzani wa chuma unapungua na wimbi linapenya. Ndio maana transmita nyingi za pigi hutumia mara 22 tu kwa sekunde. Linapita ukuta wa bomba, linapita udongo, linafika kwa antena ya fundi juu.

Na hiyo 22 haikuokotwa tu. Stima ya Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, ya Marekani mara 60. Ukichagua 22, uko mbali na zote mbili, na hata zidisho zake kama 100 ama 120 hazikugusi. Hata hivyo, ukisimama chini ya waya kubwa za stima, risiva bado inaweza kusumbuka. Fundi mjanja huchagua pa kusimama mapema.

Ndani ya transmita kuna nini?

Si uchawi. Kuna fimbo ya chuma kinachoshika usumaku, imezungushiwa waya wa kopa raundi nyingi sana. Kuna sakiti ya kusukuma stima huku na huku. Kuna betri. Halafu yote inafungwa ndani ya kopo zito la chuma kisichoshika kutu, lenye kifuniko cha skrubu na mpira wa oringi wa kuzuia mafuta yasiingie. Basi.

Kuna zile hulia mfululizo, na kuna zile hulia kwa kudonoa, pip, pip, pip. Za kudonoa zinakula betri polepole.

Kuifunga: hapa ndio watu huharibu

Kwanza, mwelekeo. Fimbo iliyo ndani lazima ilale sambamba na bomba. Ukiifunga kiholela, mafundi wa juu watasikia kitu lakini watasoma mahali sivyo.

Pili, nafasi. Mara nyingi inawekwa nyuma ya pigi. Mbele ndiko uchafu unajazana na ndiko kunagonga ikifika mwisho. Kama pigi ni ile ya sumaku kali, transmita inafaa ikae mbali na hizo sumaku, kwa sababu zinaweza kushibisha ile fimbo hadi sauti iwe dhaifu.

Tatu, bolti. Pigi inatetemeka safari yote. Nati ya kawaida itajifungua. Weka nati za kujifunga ama gundi ya nati, na ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Kukaza kwa hasira pia ni kosa, unaweza kukata bolti.

Nne, betri. Usichanganye mpya na za zamani. Tumia aina iliyoandikwa kwa kitabu cha kifaa, maana za lithiamu zikipigwa shoti ama zikilowa zinaweza kuwaka. Na kazi hiyo ifanywe mbali na mvuke wa mafuta, si kando ya mdomo wa bomba ulio wazi.

Sasa piga hesabu na sisi. Tuseme pigi inatembea mita 1.5 kwa sekunde, kama msee anayewahi basi. Hiyo ni kilomita 5.4 kwa saa. Kilomita 450 zote zingechukua saa 83, zaidi ya siku tatu. Kwa kawaida safari hukatwa vipande kati ya vituo, kwa hivyo kipande kimoja kinaweza kuwa cha saa kumi na kitu. Je, uweke betri ya saa kumi na mbili?

Apana. Pigi ikitembea vizuri, hata bila transmita itafika. Siku unahitaji hiyo sauti ni siku imekwama, na siku hiyo utakuwa umechelewa kujua, kisha utembee, kisha utafute, kisha ungoje kibali na mashine ya kuchimba. Betri inapimwa kwa hiyo siku mbaya.

Jaribu mara mbili kabla ya kurusha

Jaribio la kwanza ni mezani. Washa, leta risiva, sikiliza, andika saa umewasha. Jaribio la pili ndilo watu huruka wakiwa na haraka: pigi ikishaingia kwenye chumba cha kurushia na mlango umefungwa, weka antena nje ya chuma usikilize tena. Kama hausikii hapo, ukiwa umeigusa karibu, utasikia nini ikiwa imezikwa? Toa presha yote, hakikisha geji imesoma sifuri, ndio ufungue mlango urekebishe. Mlango wa hicho chumba ukifunguliwa na presha ndani unaweza kuua.

Kuifuata kama mbogi ya polisi

Kawaida kuna timu mbili za gari. Moja inangoja pigi hapa, nyingine imeshatangulia kule mbele. Ikipita hapa, timu ya nyuma inaruka ile ya mbele na kwenda kituo kingine. Kila mpito saa inaandikwa.

Antena ikilazwa sambamba na bomba, sauti hupanda pigi ikija, inazama kidogo, inapanda kabisa pigi ikiwa chini yako, inazama tena, halafu inaisha polepole. Ukisikia huo mpangilio unajua imepita. Ukisikia sauti imekaa tu hapo hapo haipandi wala haishuki, shida imeanza.

Hizo saa zilizoandikwa zina kazi nyingine. Pigi ya kupima huhesabu umbali kwa magurudumu madogo, na magurudumu huteleza. Likikosea asilimia 1 tu kwa kilomita 50, hiyo ni mita 500. Hebu fikiria kuambia mwenye shamba utachimba mita 500 za mahindi yake ukitafuta kidonda kimoja. Saa za mafundi ndizo husahihisha hiyo hesabu.

Ikikwama je?

Unarudi kwa kituo cha mwisho iliposikika, halafu unatembea juu ya bomba. Kama transmita ni ya kudonoa, usikimbie, unaweza kupita katikati ya pip mbili. Ukiipata, weka alama. Halafu nenda mbele, rudi kwa upande mwingine, weka alama tena. Alama zikikubaliana, ndio unapiga simu. Na wakubwa wa kituo ndio huamua kama wataongeza presha taratibu, ama watairudisha nyuma, ama watachimba.

Baada ya safari: kazi hakuna mtu anapigia makofi

Pigi ikifika, kila mtu anataka kuona ramani ya kutu. Ile transmita inabaki imetupwa kwa ndoo. Hapo ndipo safari inayofuata huharibikia.

Ioshe kwanza. Kagua kama kopo limebonyea ama bolti zimelegea. Fungua kifuniko polepole sana na usiweke uso mbele yake, kwa sababu mafuta yakiwa yaliingia yanaweza kuwa na presha bado. Toa betri zote, zisivujie ndani zikala sakiti. Angalia oringi chini ya mwanga: ikiwa na mkato, imebapa ama imevimba kwa mafuta, tupa. Kagua kile kijifereji inapokaa, hata punje moja ya mchanga inatosha kuleta uvujaji. Paka grisi inayoruhusiwa, safisha thredi, kausha, weka kavu. Andika kwa daftari: tarehe, saa ilizowaka, betri gani, nini kilibadilishwa.

Oringi ni kampira tu. Ukiihurumia kwa sababu bado inakaa sawa, mafuta yataingia katikati ya safari, sakiti itazima, na wewe ndiye utakuwa porini saa nane usiku ukisikiliza kimya.

Kwa wasee wanaosomea stima, mitambo ama elektroniki kwa vyuo vya ufundi, hii ni njia ambayo wengi hawaifikirii. Inataka mkono msafi, masikio na daftari.

Na kwa sisi wengine: ukiona zile nguzo za alama za bomba karibu na kwenu, usichimbe hapo na usichome takataka. Ukisikia harufu ya mafuta ama uone yanatiririka, usibebe mtungi. Zima sigara, toa watoto, enda mbali, halafu upige 999 ukiwa huko mbali.