Mtoto kuruka kama chura darasani si karo kupotea

MZAZI anayemlipia mtoto wa miaka minne darasa la baleti huwa na picha moja akilini: sketi nyeupe, viatu vya hariri, na binti aliyesimama kwenye ncha za vidole kama wale wa kwenye runinga. Siku anapochungulia dirishani, anakuta mambo mengine kabisa. Watoto wanaruka kama vyura. Mmoja anajifanya korongo kwa mguu mmoja. Mwalimu mwenyewe amechuchumaa sakafuni, eti yeye ni mbegu inayongoja mvua. Swali linalomjia mzazi ni lile la mfanyabiashara yeyote: hapa nimelipia nini?

Ni swali la haki. Karo hiyo imetoka katika maziwa, mboga au faida ya kibanda, na kila shilingi ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Jibu ni kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka sita au saba, mchezo huo ndio baleti yenyewe. Mzazi anayelipa ili mchezo ukomeshwe na "kazi halisi" ianze mapema ndiye anayepoteza pesa, na wakati mwingine anapoteza zaidi ya pesa.

Kiswahili kimelijua jambo hili zamani. Tuna kitenzi kimoja tu: mtoto hucheza kalongolongo, na mtu mzima hucheza ngoma.

Chura ana kazi yake

Baleti ilianza katika kasri za Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliunda chuo cha kifalme cha densi, na ndiyo maana hadi leo miondoko yake inaitwa kwa Kifaransa, iwe darasa liko Moscow au Nairobi. Mwondoko wa kwanza kabisa ni plié, yaani kukunja magoti huku mgongo ukiwa wima na magoti yakielekea upande mmoja na vidole vya miguu.

Mwambie mtoto wa miaka minne maneno hayo, atakutazama tu. Mwambie akae kama chura anayejiandaa kuruka, magoti yatafunguka yenyewe. Mwambie sasa aketi polepole kwenye kigoda ambacho chini yake kuna kifaranga, na mgongo utabaki wima kwa sababu hataki kukiumiza. Amefanya plié bila kuijua kwa jina.

Ndivyo darasa zima linavyokwenda. Mikono ya duara ya baleti ni mikono iliyokumbatia kikapu kikubwa cha mayai. Shingo ndefu ni mtungi wa maji kichwani. Kunyoosha unyayo ni kuchora mstari mchangani kwa kidole gumba cha mguu. Kukimbia kwa kurukaruka ni ndama aliyefunguliwa zizini asubuhi. Ule mruko mkubwa wa hewani uitwao grand jeté huanza kama kuvuka dimbwi la maji ya mvua bila kulowesha viatu. Na muziki unapozimwa ghafla na kila mtoto kuganda alipo, hapo anajifunza kusikiliza na kujizuia, mambo mawili ambayo mwalimu wa chekechea atayashukuru pia.

Mwalimu mzuri hubadilisha zoezi kila baada ya dakika chache, kwa kuwa umakini wa mtoto ni mfupi. Huyaunganisha mazoezi kwa hadithi moja, kwa mfano safari ya kwenda sokoni: kuamka, kuvuka mto, kupita kwa mbwa mkali kwa kunyata, kufika na kurudi. Nje ya dirisha ni fujo. Ndani kuna mpango, na kila kituo cha safari hiyo kina msuli au mdundo unaofundishwa.

Kuna ushahidi kwamba akili ya binadamu hujifunza mwendo kwa njia hii. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu wazima waliofundishwa kuteleza kwenye mtambo unaoigiza mchezo wa theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu ya mtambo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao wenyewe. Tafiti nyingi zilizofuata katika michezo mingine zimeelekea upande huohuo. Ikiwa mtu mzima hunufaika kwa kufikiria kitu kilicho nje ya mwili wake, basi mtoto anayefikiria kifaranga chini ya kigoda hapotezi muda.

Mche usitolewe kitaluni mapema

Mkulima wa nyanya anajua kuwa mche hukaa kitaluni kwa wiki nne hadi sita hivi. Kuutoa wiki ya pili hakumpi nyanya za mapema. Humpa mche uliokufa.

Shule kubwa za baleti duniani nazo hungoja. Chuo cha Vaganova cha St Petersburg, Urusi, kilichoanza mwaka 1738, huchukua wanafunzi wakiwa na umri wa miaka 10 hivi. Royal Academy of Dance, iliyoanzishwa London mwaka 1920 na ambayo mitihani yake hufanywa katika nchi nyingi, haimtathmini mtoto wa chini ya miaka mitano. Wadogo zaidi ya hapo wana mpango wao unaojengwa juu ya hadithi na ubunifu, bila mtihani.

Sababu ni mifupa. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za ukuaji karibu na viungo. Viatu vya kusimamia ncha za vidole huweka uzito wote wa mwili mahali padogo sana, na wataalamu wa tiba ya wachezaji hushauri visivaliwe kabla ya umri wa miaka 12 hivi, tena baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya kujenga nguvu. Hatari nyingine ni kulazimisha miguu ielekee nje. Mzunguko huo hutoka kwenye nyonga. Mtoto akisukumwa apinde nyayo tu, anayelipa gharama ni goti.

Kwa hivyo mzazi anayeona mtoto wa miaka mitano amevalishwa viatu hivyo na kusimamishwa wima asipige makofi. Ampeleke kwingine.

Mlipaji si mtumiaji

Hapa ndipo biashara hii inapokuwa ngumu. Anayelipa ni mzazi, anayetumia huduma ni mtoto, na ubora wake hauonekani mara moja. Sisi wachumi tunaifahamu hali hii kutoka kwa mbegu. Ukishika pakiti ya mahindi dukani huwezi kuona kama itaota, ndiyo maana unatafuta stika ya KEPHIS. Muuzaji anajua zaidi ya mnunuzi, na asiye mwaminifu hunufaika na pengo hilo.

Katika baleti ya watoto, pengo hilo huwasukuma hata walimu wazuri kufanya vibaya. Mzazi anataka kuona matokeo. Mwalimu anaogopa kupoteza mteja. Basi anaacha hadithi, anatumia muhula mzima kuwakaririsha watoto densi moja ya dakika tatu ya kuonyesha jukwaani, na wazazi wanatozwa pesa za mavazi juu ya karo. Picha zinapendeza. Mtoto amejifunza densi moja, na pengine amejifunza pia kwamba kukosea ni aibu.

Tufanye hesabu, ambayo ni mfano tu; kila mtu aweke tarakimu za mtaa wake. Mwalimu ana watoto 12, kila mmoja analipa Sh300 kwa kipindi kimoja kwa wiki. Kwa vipindi vinne anapata Sh14,400. Ukumbi ni Sh1,000 kwa kipindi, jumla Sh4,000. Msaidizi ni Sh500 kwa kipindi, jumla Sh2,000. Anabaki na Sh8,400 kabla ya nauli, spika na muda wa simu. Wakati wa likizo hakuna kinachoingia.

Wazazi wanne wakimhama kwa sababu "watoto wanacheza tu", mapato yanashuka hadi Sh9,600 lakini ukumbi na msaidizi hawapungui. Anabaki na Sh3,600. Amepoteza theluthi ya wateja na zaidi ya nusu ya kinachobaki mfukoni. Ndiyo maana mwalimu mwenye njaa hukubali kuharakisha watoto.

Dawa yake haigharimu sana. Mwalimu awaeleze wazazi siku ya kwanza kila mchezo unajenga nini. Badala ya onyesho la mavazi, afungue darasa wiki ya mwisho ya muhula, wazazi waketi, na aseme kwa sauti: hili la chura ni plié, hili la dimbwi ni mruko. Mzazi akielewa bidhaa, hahami ovyo.

Mtaji mkuu ni mwalimu

Anayedhani kazi hii inahitaji vioo na vyuma vya kushikilia ukutani aangalie Kibera, Nairobi. Huko mwalimu Mike Wamaya alifundisha baleti katika darasa la kawaida la shule, madawati yakiwa yamesukumwa kando na wanafunzi wakiwa pekupeku. Mwaka 2017 aliingia katika orodha ya walimu 10 bora waliowania tuzo ya kimataifa ya Global Teacher Prize. Joel Kioko, aliyekulia katika mtaa wa Kuwinda jijini humo, alianza baleti akiwa tayari mvulana wa shule, na baadaye akapata nafasi ya kusomea English National Ballet School jijini London. Kuchelewa hakukumfungia mlango.

Hata hivyo, yapo mambo ya kutozembea. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa kuruka; ya mbao ni bora, na pale penye saruji pekee miruko ipunguzwe. Soksi huteleza, heri miguu mitupu kwenye sakafu iliyofagiwa. Watu wazima wawe wawili, na mlango uwe wazi. Leso mbili tatu, kikapu na ngoma ndogo vinatosha kuwa vifaa vya hadithi. Soko nalo haliko kwa wazazi pekee: mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, umezipa shughuli za ubunifu nafasi katika madarasa ya chini, na shule ya chekechea isiyo na mtu wa kuongoza densi inaweza kumwajiri mwalimu kwa saa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, uliza haya. Mwalimu amefunzwa wapi kufundisha watoto wadogo, si kucheza tu? Wanafunzi ni wangapi, na msaidizi yupo? Viatu vya ncha vinaanza umri gani? Akitaja chini ya miaka 11, shika njia. Mtoto akikataa zoezi hufanywa nini? Na je, unaruhusiwa kutazama?

Kisha tazama watoto wenyewe. Wakitoka wakiwa na jasho, wakibishana nani alikuwa chura bora, na usiku binti akuonyeshe jikoni namna ya kuketi bila kukanyaga kifaranga, karo yako imefanya kazi. Mvulana naye vilevile. Misuli haiulizi jinsia. Wengi wao hawatafika jukwaa lolote la London, wala si lazima wafike. Watabaki na mgongo ulionyooka, sikio la mdundo na ujasiri wa kujaribu mbele ya wenzao. Kwa mtoto wa miaka minne, hayo ni mavuno tosha ya msimu wa kwanza.