Mfunze paka angali mdogo

Paka wa Sokoke, kadzonzo kwa Kigiriama, alipelekwa hadi Denmark miaka ya 1980 na huko akalelewa ndani ya nyumba. Huku kwetu Malindi na Kilifi, paka akidokoa samaki jikoni hurushiwa kiatu. Kwa maoni yangu kipigo humfunza kukuogopa wewe tu. Ukitoka, samaki atamrudia.

Anza mapema. Mtoto wa paka huzoea watu zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7, basi mshike kwa upole kila siku, ila usimtenge na mamake kabla ya wiki 8.

Choo ni rahisi. Weka karai la mchanga mkavu pembeni, mbali na chakula chake. Mpeleke kila amalizapo kula na kila aamkapo, na uchafu uondoe kila siku.

Kukwaruza hakukomeshwi, maana ndivyo anavyonoa kucha. Zungushia gogo kamba ya usumba, uliweke karibu na kiti anachokiharibu.

Usicheze naye kwa vidole. Akiuma, acha mchezo uondoke. Mlishe mahali pamoja, saa zile zile, na samaki wako mfunike.

Mwisho, akifika miezi 3 mpeleke achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye, paka pia huambukiza. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali mara moja.