Fahamu: Mbwa hatari na chipu ya chini ya ngozi nchini Uingereza

Sheria ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa nchini Uingereza, pit bull terrier akiwemo. Wa tano, XL Bully, aliongezwa baada ya mashambulizi yaliyoua watu. Tangu Februari 1, 2024, kumfuga bila kibali maalumu ni kosa England na Wales. Mwenye kibali lazima amhasi, amkatie bima, na hadharani amfunge kamba na kumziba mdomo.

Lakini kifungu kizito zaidi cha sheria hiyo, na ambacho wengi hukisahau, kinamhusu mbwa yeyote, hata mdogo na mpole. Akiachwa bila udhibiti hadi kuhatarisha mtu, hata nyumbani kwa mwenyewe, mmiliki hushtakiwa. Akiua mtu, kifungo England na Wales hufika miaka 14.

Chipu nayo ni lazima: kwa mbwa, akifikisha wiki 8, kwa paka wa England, kabla ya wiki 20, tangu Juni 2024. Ina ukubwa wa punje ya mchele na namba ya tarakimu 15. Haionyeshi mnyama alipo. Husomwa kwa kifaa, kisha jina la mmiliki hutafutwa kwenye kanzidata. Kama unaishi huko na umehama au umebadili simu, sahihisha taarifa zako leo.