Kupaka Kucha Nyumbani (2): Vifaa Vinavyostahili Fedha Yako

Wiki iliyopita tuliuangalia ukucha wenyewe: matabaka yake ya keratini, na mwendo wake wa kukua takribani milimita 3 kwa mwezi kwa vidole vya mkono. Leo tufungue kikapu cha vifaa. Nitasema mapema kwamba kwa maoni yangu rangi ndiyo kitu cha mwisho cha kutolea fedha nyingi. Anayejua kinachotokea ndani ya kichupa atapata kucha nzuri hata kwa rangi ya bei ya chini.

Rangi ya kucha ina undugu na rangi ya gari. Zote mbili zilipata nguvu kutokana na nitroselulosi, ambayo ni pamba au massa ya mti iliyotiwa asidi ya naitriki. Cutex ya Marekani ilianza kuuza rangi ya maji ya kucha mwaka 1917. Miaka ya 1920 viwanda vya magari vikaanza kutumia sana rangi za nitroselulosi zinazokauka upesi, na mwaka 1932 Charles Revson, kaka yake Joseph, na mkemia Charles Lachman wakaanzisha Revlon mjini New York, wakauza rangi nzito za kufunika ukucha wote. Kichupa cha leo kina utando huohuo wa nitroselulosi, pamoja na resini ya kuushikisha, kilainishi cha kuuzuia usipasuke, chembe za rangi, na vimiminika viwili vinavyoruka hewani upesi: ethili asetati na butili asetati.

Rangi hukauka vimiminika hivyo vinapoondoka, basi. Ukipaka tabaka nene, uso hukauka kwanza na kuvifungia vilivyobaki chini. Saa mbili baadaye shuka linaacha alama zake kwenye kidole. Matabaka mawili membamba yaliyopishana kwa dakika chache hukauka kweli. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa kuna jambo la ziada: kimiminika kinaporuka kwa kasi huupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani hutua hapo na kuufanya uwe na ukungu mweupe. Kwa hiyo usipake mbele ya feni iliyowashwa kwa nguvu, wala baada tu ya mvua kubwa. Na usipake karibu na jiko, liwe la mkaa au la gesi. Mvuke wa rangi na wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kushika moto kwa urahisi mno. Hili nalisisitiza kwa sababu akina dada wengi hupakana kucha jikoni huku chakula kikiiva.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote hakiuzwi duka la vipodozi. Ni spiriti ya duka la dawa, na kipande cha pamba. Ukucha una mafuta, ya mwili na ya losheni, na rangi haishiki juu ya mafuta. Futa kila ukucha kwa spiriti, uache ukauke, ndipo upake. Usiloweke mikono kwenye maji muda mfupi kabla ya kupaka, ingawa saluni nyingi hufanya hivyo: ukucha hunywa maji ukavimba, kisha hunywea chini ya rangi iliyokwisha kukauka, na rangi huanza kubanduka pembeni.

Kinachofuata ni kichupa cha msingi, kile cha maji yasiyo na rangi kinachotangulia. Wengi hukiruka ili kubana matumizi. Mimi ningeacha kununua rangi ya tatu nikanunue hicho. Hushikamana na keratini vizuri kuliko rangi yenyewe, na huzuia nyekundu na zambarau zisiuache ukucha na umanjano. Kichupa cha kung'arisha cha mwisho pia kinafaa, hasa ukipitisha brashi hadi kwenye ncha ya ukucha, mahali rangi inapoanza kumeguka. Tupa ya kioo ni bora kuliko ya msasa kwa kuwa huoshwa kwa sabuni na hudumu miaka. Kijiti cha mbao kilichoviringishwa pamba yenye asetoni hufuta rangi iliyomwagikia ngozi. Ule utando mwembamba wa ngozi kwenye shina la ukucha usiukate. Ndio unaoziba njia ya bakteria na kuvu. Usukume tu taratibu baada ya kuoga.

Tupa na vikata kucha vya nyumbani viwe vya mtu mmoja. Vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao vya rangi wanafanya kazi halali na wengi wana mkono mwepesi, lakini chombo kilichotoka kwenye mguu wa mwingine kinaweza kubeba kuvu, na kikitoa damu, hata virusi vya homa ya ini aina ya B. Nenda na chombo chako.

Sasa jeli, ambayo siku hizi huuzwa pamoja na taa ndogo ya kuchomeka nyumbani. Hapa nina wasiwasi wa kweli. Jeli haikauki: taa huamsha kemikali ndani yake, na molekuli ndogo zikaungana kuwa plastiki ngumu. Taa isipolingana na jeli, uso hugumu na chini hubaki molekuli ambazo hazijaungana. Zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuzikataa kwa muwasho na malengelenge. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo kuhusu mzio huu. Ukishaupata haukuachi, na unaweza kukuletea taabu kwa daktari wa meno, kwani kemikali za jamii hiyo hutumika kuziba meno. Umoja wa Ulaya umeamua bidhaa za kucha zenye HEMA, mojawapo ya molekuli hizo ndogo, zitumiwe na wataalamu peke yao, na tangu Septemba 2025 umepiga marufuku TPO, mojawapo ya kemikali zinazoamshwa na taa. Kwa mtu wa nyumbani, rangi ya kawaida inatosha.

Kwa wanaoswali, rangi huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha, ndiyo maana hina haijaondoka Pwani. Hina haikai juu ya ukucha. Rangi yake, losoni, huingia ndani ya keratini na kubaki hadi ukucha ukue na kukatwa. Unga mpya, ndimu, na saa kadhaa za kuuacha mkononi. Hakuna kifaa kingine. Ila itofautishe na piko nyeusi. Hina huanza na rangi ya chungwa, ikakolea kuwa kahawia yenye wekundu kwa siku moja au mbili. Weusi unaotokea ndani ya saa moja mara nyingi ni PPD, dawa ya kutia nywele rangi, ambayo huweza kuchoma ngozi na kumfanya mtu asiweze tena kutia nywele dawa hiyo maisha yake yote. Muulize mpakaji amechanganya nini, na akisita kukujibu, vuta mkono wako.