Boma, Ngome au Gofu: Tuyaiteje Mabaki ya Vita?

Karibu na Natta, mkoani Mara, katika nchi ya Waikoma, Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 kikosi cha Heinrich Naumann kilipigana Ikoma na majeshi yaliyokuwa yakikifuatia. Ramani hukiita kituo hicho Fort Ikoma. Je, kwa Kiswahili tukiite boma au ngome? Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni pacha, ilhali kila moja lina historia yake.

Boma (wingi: maboma). Maana ya msingi ni uzio wa miti au miiba unaozunguka makazi au mifugo. Baadaye maana ilipanuka ikawa kituo chenye ukuta, kisha ofisi za serikali wilayani. Wapo wanaodai kwamba neno hili ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza uliobuniwa na watawala. Dai hilo halina mashiko. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, tayari inalo. Waingereza waliitwaa Tanganyika katika vita vya 1914–1918. Mkoloni alilikuta neno, akalitumia.

Ngome (wingi: ngome). Ni jengo imara la ulinzi, lenye kuta nene na aghalabu nafasi za mizinga. Neno hili limezoeleka zaidi pwani: Ngome Kongwe ya Unguja, au ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Pwani pia ina gereza, neno ambalo wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Gereza la Kilwa Kisiwani ni ngome. Maana ya jela, ambayo ndiyo tuijuayo leo, inaeleweka tukikumbuka kwamba ngome ya Mombasa yenyewe ilifanywa jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Handaki (wingi: mahandaki). Ni shimo refu la kujikinga au kuzuia adui, kutoka Kiarabu. Si jengo.

Gofu (wingi: magofu). Ni jengo lililobomoka au lililohamwa. Neno hili hueleza hali ya jengo, si kazi yake.

Tahadhari moja inahitajika. Siku hizi, katika taarifa za halmashauri nchini Tanzania, maboma ni majengo yaliyosimamishwa kuta yakisubiri kukamilishwa: maboma ya madarasa, maboma ya zahanati. Anayeandika "maboma ya Ikoma yahifadhiwe" anaweza kueleweka kuwa anaomba mabati na saruji, na ombi la kulinda kumbukumbu likapotelea katika orodha ya miradi.

Kwa hiyo, pendekezo letu ni kuandika "boma la kale la Wajerumani, Ikoma". Boma linataja asili ya kituo cha bara, kale linaondoa utata, na Wajerumani linamtaja mjenzi. Ngome ibaki kwa majengo ya ulinzi yaliyoimarishwa, hasa yale ya pwani, na gofu litumike pale tu kuta zilipoanguka.